Mita ya Fundi

Miaka mitano, alisema daktari,
kidonge kimoja kila siku, saa ileile.
Nikamuuliza: kwa hesabu ya fundi, hiyo ni kiasi gani?
Akacheka. Mimi sikuwa nacheka.
Nilirudi Kadutu, nikatwaa mita yangu ya kushonea,
ile ya njano iliyofutika namba za mwanzo,
nikakata sentimita sitini.
Kila mwezi, moja. Nikaitundika nyuma ya mlango
kando ya rozari na bili ya umeme.

Leo niko kwenye thelathini na moja.

Watu walidhani ugonjwa ulitoka pamoja na titi.
Waliniletea kuku, wakapiga magoti, wakaimba,
mchungaji akaifunga kesi kama hakimu mwenye haraka.
"Mama Cibalonza, bado unameza? Si ulishapona?"
Nitawaelezaje kwamba kupona nako ni kazi,
kuna zamu yake,
kuna mshahara wake unaochelewa?

Asubuhi vidole vyangu ni vya mtu mwingine.
Navilowesha katika maji ya vuguvugu
ndipo sindano inikubali.
Usiku joto linanipanda kutoka tumboni hadi masikioni,
nafungua dirisha, baridi ya Kivu inaingia,
mume wangu anavuta blanketi bila neno.
Ukimya wake namshukuru.
Siku nyingine namchukia kwa huohuo.

Mkono wa kushoto haubebi tena bidoni.
Ukivimba, nalipanua kidogo kwapa la blauzi,
siri hiyo naijua mimi na mkasi.
Na ile dawa ya mwanzo, ya kwenye mshipa,
nyekundu kama divai ya misa,
wanasema huenda iliacha deni moyoni.
Basi nikipanda kutoka sokoni na pumzi ikanikatika
nasimama, najiuliza:
ni mlima, ni umri, au ni deni?
Bukavu yote ni mlima.
Nasimama bure.

Sasa niseme lile ambalo mita hailionyeshi.

Wiki zile mpaka wa Ruzizi ulipofungwa
dawa ilipanda bei, na ada ya Asifiwe ilikuwa mezani.
Nikalipa ada. Hilo nalisema bila aibu.
Aibu ni hii:
mpaka ulifunguliwa, dawa ikarudi, hela nikapata,
nami sikununua.
Vidole vilikuwa vimenirudia!
Nilishona gauni la harusi kwa siku mbili,
shanga mia tatu, moja moja,
nikalala usiku kucha kama msichana.
Siku arobaini na tatu.

Kisha akaja Nankafu kupimwa blauzi.
Tulikaa benchi moja hospitali, mwaka ule wa kunyolewa.
Nikamzungushia mita.
Nikairudia, nikidhani nimekosea.
Ilibaki na ziada ya sentimita kumi na nne.
Hakunihubiria, wala sikumuuliza kama bado anameza.
Aliomba tu
nisiibane mgongoni.

Kesho yake nilikwenda kliniki kabla ya kufungua kibanda.
Muuguzi Nsimire hakunigombeza.
Aliandika 43 kwa kalamu ya bluu, akasema
nyingine zikikulemea uje useme, maumivu nayo yana dawa,
mifupa tutaipima, moyo tutausikiliza,
ila usiniachie kimya.
Halafu: "Cha leo kiko wapi?"
Kilikuwa kwenye mkoba, katika kisanduku cha vifungo.
Akanimiminia maji kwenye kikombe cha plastiki chenye ufa,
akasubiri.

Jioni hiyo niliunga kipande mwishoni mwa mita,
sentimita moja na nusu, kwa uzi mweusi.
Sikuuficha mshono.

Umeme umekatika tena. Ni saa mbili.
Nakipapasa gizani kati ya vifungo,
nakijua kwa udogo wake, kwa kukosa matundu.
Kinapita na chai iliyopoa.
Kesho nina sare kumi na sita za shule,
na maji ya vuguvugu nimeshayatia kwenye temosi.